Neno "afisa" halina kitenzi

Mtu akikutana nawe msibani au kituo cha daladala, haulizi unafanya nini. Anauliza, "Uko wapi siku hizi?" Wapi. Nasi tunamjibu kwa mahali: niko benki, niko wizarani, niko kwenye shirika moja hivi. Cheo kinakuja nyuma kama mkia. Siku kitambulisho cha ofisi kinaporudishwa, mahali pameondoka, na jibu limeondoka napo. Ndiyo maana mtu aliyekaa kazini miaka 12 anaweza kusimama mbele ya mjomba wake akakosa la kusema.

Wapo ambao jambo hili halikuwagusa. Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, akawa Waziri Mkuu, akawa Rais, akang'atuka mwaka 1985, na bado jina lililoshika ni Mwalimu. Fundi seremala naye karakana ikifungwa leo, kesho bado ni seremala. Tofauti yao na mtu wa ofisini imejificha kwenye sarufi. Msimamizi ukimvua ile m- ya mbele unamkuta "simamia". Mhariri unamkuta "hariri". Mpishi anapika, mshonaji anashona. Sasa mvue afisa. Mvue meneja, supavaiza, koodineta. Hakuna kitu chini. Hakuna mtu aliyewahi "kuafisa" chochote. Cheo cha namna hiyo kinasema umekaa ngazi gani kwenye jengo la mtu mwingine, na ukitoka kwenye jengo ngazi inabaki humo.

Kwa hiyo kazi ya kujijenga upya haianzi na kutafuta cheo kingine. Inaanza na kutafuta vitenzi vyako. Hapa nitamtumia mtu mmoja wa mfano mwanzo hadi mwisho, afisa mikopo wa mikopo midogo, yule anayezunguka sokoni na pikipiki na faili kwapani. Namchagua yeye kwa sababu cheo chake ni chepesi kabisa na kazi yake ni nzito kabisa, na kwa sababu wengi wa aina yake wanatoka kazini kila tawi linapofungwa au maombi ya mikopo yanapohamia kwenye simu.

Daftari la siku 10

Nunua daftari la kawaida la shule. Jioni ya kila siku ya kazi uliyoichagua, andika kila ulichofanya kwa zaidi ya dakika 20, kwa safu nne: kitenzi, kitu, kiasi, na mtu ambaye angepiga simu kulalamika kama usingefanya. Siku 10 zinatosha, ila zisiwe za mfululizo. Ingiza humo siku 3 za mwisho wa mwezi, maana kazi ya ofisi hubadilika sura kuanzia tarehe 27. Kama umeshatoka kazini, rudia kalenda ya simu, meseji zilizotumwa na picha ulizopiga kazini. Picha hasa. Watu husahau walifanya nini lakini simu haisahau ilipiga picha ya nini.

Kuna vitenzi utakavyoviandika ambavyo lazima uvifute: kuhudhuria, kushiriki, kuratibu pasipo kusema kuratibu nini, na yule mkubwa wao, kuhakikisha. "Kuhakikisha marejesho yanafanyika kwa wakati" haielezi kazi. Ulifanya nini ili uhakikishe? Ulipiga simu siku 2 kabla ya tarehe? Ulimfuata mdhamini? Ulihamisha tarehe ya rejesho iangukie siku baada ya gulio? Hicho ndicho kitenzi.

Daftari la afisa mikopo wetu likishasafishwa linasomeka hivi: alikagua maduka 14, alihesabu bidhaa kwenye stoo 9, alipiga hesabu ya mzunguko wa fedha ya waombaji 11, alikataa 5, aliandika taarifa 6 za kamati ya mikopo, alifuatilia madeni 60 kwa simu na 8 kwa miguu, na aliwakalisha mke na mume kwenye jamvi moja kuhusu hati ya nyumba ambayo mume alitaka kuiweka dhamana bila ridhaa ya mwenza. Hakuna hata mstari mmoja humo wenye neno "afisa". Na safu ya nne inaonyesha jambo ambalo pengine hakulijua: angelikosekana, wa kwanza kulalamika si wakopaji. Ni kamati, kwa kuwa bila taarifa zake hawajui nani aaminiwe.

Kitenzi kimoja kwa karibu

Tuchukue "kupiga hesabu ya mzunguko", tukione kinavyofanya kazi, kwa sababu watu wa kazi hii hudhani ni kitu cha kawaida kinachojulikana na kila mtu.

Mwenye duka la Mangi, yaani duka la rejareja la mtaani, anasema anauza 180,000 kwa siku. Siku 26 za mwezi, hiyo ni 4,680,000. Faida ghafi ya duka la namna hiyo tuiweke asilimia 15, yaani 702,000. Toa pango 150,000, umeme 30,000, kijana wa dukani 100,000, na 200,000 anazochota kwa ajili ya nyumbani. Zinabaki 222,000. Ukifuata kanuni ya kutomfunga mtu kwa zaidi ya nusu ya kinachobaki, anaweza kubeba rejesho la 111,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi, mteja mzuri.

Mkaguzi mzoefu haishii hapo. Anaomba risiti za manunuzi ya wiki 4 zilizopita. Zinaonyesha ananunua mzigo wa 700,000 kwa wiki, 2,800,000 kwa mwezi. Kama faida ni asilimia 15 ya mauzo, basi manunuzi ni asilimia 85 yake, na mauzo ya kweli ni kama 3,294,000, sawa na 127,000 kwa siku. Faida ghafi inashuka hadi 494,000. Toa gharama zilezile za 480,000. Kinachobaki ni 14,000. Hapo hakuna mkopo. Kuna mtu anayetaka kuziba shimo, pengine la mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba ya kunyonya, aliyokwisha kuichukua kwingine.

Kisha macho: vumbi kwenye rafu za juu, makopo ya mbele yaliyopangwa safu moja ili rafu ionekane imejaa, daftari la madeni la wateja ambalo limeanza upya mwezi huu kwa sababu la zamani "lilipotea". Mwenye duka si lazima awe mwongo. Wengi hutaja mauzo ya Jumamosi wakiamini ndiyo ya kila siku. Ndiyo maana swali linaulizwa kwa njia tatu: uliuza kiasi gani jana, unanunua mzigo mara ngapi, na hivi sasa mkononi na kwenye simu una shilingi ngapi. Majibu matatu yakikataana, chukua la manunuzi. Risiti ya manunuzi imeandikwa na mtu ambaye hakuwa na haja ya kukupendeza wewe.

Sasa jiulize: nani mwingine, mbali na benki, anahitaji kujua kama yule Mangi ana 111,000 au ana 14,000?

Anayehitaji kabisa ni muuza jumla. Yeye hutoa mali kauli kila wiki, yaani mzigo wa kulipwa baadaye, katoni za sabuni na mifuko ya sukari, kwa watu anaowajua kwa sura tu, na hana mtu wa kumkagulia. Mwingine ni mwenye pikipiki anayetoa bodaboda kwa mkataba, dereva alipe kila siku hadi chombo kiwe chake. Hesabu ni ileile, ila mauzo yanakuwa abiria na manunuzi yanakuwa mafuta. SACCOS ndogo, yaani chama cha kuweka na kukopa, isiyoweza kuajiri mtu wa kudumu inahitaji mtu wa siku 4 kwa mwezi kabla ya kikao cha mikopo. Na mwenye duka mwenyewe, ambaye hakuwahi kuonyeshwa hesabu ya duka lake, ataikodolea macho ile 14,000 kama mtu aliyepimwa presha kwa mara ya kwanza.

Wateja wanne, kitenzi kimoja. Wengi wakitoka benki huomba kazi benki nyingine, wanazungushwa mwaka mzima, na katika mwaka huo wote wamepita kila siku mbele ya ghala la muuza jumla.

Kauli ya kutendea

Kiswahili kimetupa kifaa ambacho wanaojitambulisha kazini hawakitumii vya kutosha. Kagua inakuwa kagulia. Andaa inakuwa andalia. Hesabu inakuwa hesabia. Ukishaingiza kauli hiyo, kitenzi kinakudai mtu: unamkagulia nani? Huwezi kumaliza sentensi bila kumtaja mteja. Kwa hiyo sentensi yako ya kujitambulisha itungwe kwa kauli ya kutendea, na iwe na mahali kazi inapoanzia au kuishia. "Nawakagulia wauza jumla wateja wanaoomba mali kauli, kabla mzigo haujatoka ghalani." Linganisha na "mimi ni mshauri wa masuala ya fedha". Hili la pili limebebwa na watu wengi mno, wakiwemo wasiojua kupiga asilimia.

Ijaribu sentensi kwa mtu asiye wa fani yako, mpe saa moja, kisha mwombe amweleze mtu wa tatu unafanya nini. Akisema "anashughulika na mambo ya hesabu hivi", sentensi imevunjika njiani. Akisema "anajua kumgundua mtu atakayekudhulumu", amekuandikia tangazo bora kuliko lako.

Na tafadhali, kwa wale wa kuandika "Mjasiriamali | Kocha | Mhamasishaji | Mkurugenzi Mtendaji" kwenye wasifu wa mtandaoni wiki moja baada ya kutoka kazini: huko ni kuvua kofia moja na kuvaa nne. Kampuni ya mtu mmoja haina mkurugenzi mtendaji. Ina mtu na kitenzi chake.

Watatu wasio ndugu

Kabla ya kuchapa kadi, kabla ya nembo, tafuta watu 3 wakulipe kwa kile kitenzi. Wasiwe ndugu, wasiwe wafanyakazi wenzako wa zamani, na wasiwe wateja wa mwajiri wako. Bei iwe ndogo lakini isiwe sifuri. Kazi ya bure humaliza jaribio lako kimyakimya: kila mtu atakusifu, utaamini una soko, halafu siku ya kutaja bei wote wanakuwa "nitakutafuta". Mtu akitoa hata 20,000, amekueleza ukweli. Ukiwa bado umeajiriwa, soma kwanza kifungu cha mgongano wa maslahi kwenye mkataba, fanya jioni na Jumamosi, na usitumie pikipiki ya ofisi.

Lile la wateja wa mwajiri nalirudia kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Orodha ya wakopaji, namba zao, mapato yao na picha za dhamana zao si mali yako hata kama uliziandika kwa mkono wako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya inayo yake ya 2019. Kinachotoka na wewe ni namna ya kukagua. Faili linabaki.

Kosa jingine la maafisa mikopo ni kufikiri kwamba kwa kuwa wanajua kukopesha, waanze kukopesha wenyewe kwa kiinua mgongo chao. Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji binafsi au kampuni awe na leseni ya daraja la pili, na mtaji usiopungua shilingi milioni 20. Ukikopesha mtaani bila leseni, umeingia kwenye kundi lilelile la kausha damu ulilokuwa ukiwaonya wateja.

Bei

Tuseme mshahara wa msingi wa afisa wetu ulikuwa 1,200,000. Mtu anagawa kwa siku 22, anapata 54,545, anatangaza bei ya 55,000 kwa siku na anajiona ametenda haki. Baada ya miezi mitatu anakopa nauli.

Hesabu imekosewa sehemu mbili. Kwanza, mshahara haukuwa gharama yako yote. Mwajiri wa sekta binafsi kwa kawaida alikuwa akiongeza asilimia 10 yake NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, juu ya 10 iliyokatwa kwako, pengine bima ya afya, likizo ya siku 28 yenye malipo, na bando, wino wa printa na mafuta. Pili, siku 22 haziuziki zote. Siku 6 au 7 zinaliwa na kutafuta wateja, 3 kudai malipo, 2 makaratasi. Zinazobaki ni kama 10, na mwaka wa kwanza huenda zikawa 8.

Anza upande wa pili. Nyumbani 900,000. Nauli, bando, vocha na kuchapa 180,000. Akiba ya kodi, michango ya hiari ya NSSF na bima 220,000. Jumla 1,300,000. Gawa kwa siku 10: 130,000 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza.

Lakini usimtajie muuza jumla 130,000 kwa siku, atacheka. Mtajie bei ya kazi. Kumkagua mteja mmoja wa mali kauli, pamoja na kwenda dukani kwake na kuandika ukurasa mmoja, ni robo ya siku kama maduka yako mtaa mmoja. Robo ya 130,000 ni 32,500, sema 35,000. Mzigo anaotaka kuutoa ni wa milioni 2. Basi anatoa chini ya asilimia 2 ya mzigo kujua kama ataiona pesa yake tena. Hapo hacheki. Ila maduka yakiwa yametawanyika, mmoja Mbagala mwingine Tegeta, robo ya siku imekufa barabarani. Panga ukaguzi kwa mitaa au bei ipande. Huu ndio mlango ambao faida hutorokea.

Kwa Tanzania, kampuni au taasisi ikikulipa kwa huduma, itakata kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai cheti cha zuio hapo hapo, maana ndicho kitakachopunguza kodi yako mwisho wa mwaka, na mhasibu wa mteja akishahamishwa hukipati. Kenya nako mkato wa huduma za kitaalamu kwa mkazi ni asilimia 5, kuanzia malipo ya shilingi 24,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania, TIN, namba ya mlipakodi, hutolewa bure na TRA, mamlaka ya mapato. Anayekudai pesa ya TIN anakudai chai. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, ukiwa na namba yako ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, kisha leseni ya halmashauri. Wateja wakubwa watataka risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, kwa hiyo liulizie hilo kabla hujasaini nao.

Karatasi za kutoka

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri akupe hati ya utumishi ajira inapokoma. Kenya ni kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007, nacho kinaeleza yaliyomo: jina la mwajiri na lako, tarehe ya kuanza na ya kuacha, aina ya kazi na mahali. Halafu kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kutoa maelezo juu ya tabia yako au utendaji wako. Yaani karatasi rasmi inathibitisha kwamba ulikuwepo. Uwezo wako haumo.

Hivyo barua ya pili uiandae mwenyewe. Kabla ya siku ya mwisho, iandike rasimu ya nusu ukurasa yenye vitenzi vitatu na kiasi chake, umpelekee msimamizi wako wa karibu, umwombe airekebishe na kuisaini. Msimamizi mwenye kazi nyingi ataahirisha barua tupu hadi kiama, lakini rasimu iliyo tayari ataisaini kabla ya chai ya saa nne. Akikataa sentensi moja, ifute.

Kiinua mgongo cha Tanzania ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kwa mshahara ule wa 1,200,000 na miaka 7 kazini, ni kama milioni 2 hivi. Haifiki mshahara wa miezi miwili, na wapo wanaoiwekea mipango ya nyumba. Aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu hapati, na aliyeacha kwa barua yake mwenyewe asiihesabu. Kenya, anayepunguzwa kazini hulipwa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka. Ukiwa mwanachama wa NSSF Tanzania uliyechangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi mwenyewe, ulizia fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Peleka madai mapema. Miezi 6 hiyo ndiyo muda wako wa kutafuta wale watatu.

Na jambo dogo linalouma: laini ya ofisi. Kama namba iliyoko kwenye kadi zako, kwenye akaunti ya benki na kwenye barua pepe yako ni ya mwajiri, siku ikizimwa hutapata hata namba za siri za kuingilia. Hamisha yote angalau wiki 3 kabla.

CV usiivunje

Kosa la watu waliosikia ushauri wa namna hii nusu ni kwenda kwenye CV na kubadili cheo cha zamani. Ulikuwa Afisa Mikopo Daraja la II, andika hivyo hivyo, kwa sababu hati ya utumishi inasema hivyo na anayekuajiri atapiga simu. Kinachobadilika ni kilicho chini ya cheo. Badala ya "Majukumu: kusimamia mikopo na kuhakikisha marejesho", weka mstari kama huu wa mfano: "Nilisimamia wakopaji 240 wa maduka na mama lishe. Mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 ilishuka kutoka asilimia 9 hadi 4 katika miezi 14, baada ya kuanza kuhakiki risiti za manunuzi kabla ya kuidhinisha." Kitenzi, kitu, kiasi, na sababu. Sababu ndiyo inayokutofautisha na mtu ambaye tawi lake lilipata bahati. Kama namba huna uhakika nazo, andika ulizo na uhakika nazo tu. Swali la kwanza la usaili litaangukia hapo.

Vyeo visivyoguswa

Nimekisema vibaya cheo, lakini vipo ambavyo ni sheria. Mhandisi Tanzania anasajiliwa na ERB, bodi ya wahandisi, mhasibu na mkaguzi wa hesabu yuko chini ya NBAA, bodi ya wahasibu, wakili ana roli yake, yaani orodha rasmi ya mawakili. Afisa mikopo wetu asijiite "mkaguzi wa hesabu" kwa sababu tu anakagua maduka. "Nakagua wakopaji" ni sawa. Kusaini hesabu za kampuni ya mtu bila usajili huo ni jinai.

Mafundi wana shida ya upande wa pili: vitenzi wanavyo, karatasi hawana. Kwao njia ni urasimishaji wa ujuzi kupitia VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, ambapo fundi aliyejifunza mtaani hupimwa kazini kwake, hufundishwa palipopungua, kisha hupewa cheti. Kenya kuna mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kutoka Gredi ya III kupanda hadi ya I. Inamfaa hata mtu wa ofisini ambaye kitenzi chake cha kweli, daftari likishafunguka, kimetokea kuwa kushona au kupika, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Nyumbani watachelewa kubadilika. Baba mdogo ataendelea kukutambulisha harusini kwamba "huyu yuko benki" hadi mwaka wa tatu. Usibishane naye hadharani. Mpe mfano mmoja anaoweza kuusimulia, wa muuza jumla aliyeponea chupuchupu, na ataubeba mwenyewe.

Fomu nazo zina kisanduku cha "Mwajiri". Andika "Nimejiajiri", na kwenye "Kazi" weka maneno mawili au matatu yaleyale kila mahali, hospitali, shuleni kwa watoto, benki. Malipo yote yapite kwenye akaunti moja tangu risiti ya kwanza, hata yale ya 20,000, hata mteja akisema anakurushia kwenye simu ya mkeo. Maana ipo siku utataka kununua pikipiki yako, utakaa upande wa pili wa meza, na kijana mwenye faili kwapani atakuuliza kwa njia tatu unaingiza kiasi gani, kisha ataomba taarifa za benki za miezi 6.